Bei Kwenye Simu Iliyokatwa

Jumatatu, 8 Januari
Sasa hivi mwanangu Wylie kapanda kiti, kanyanyua ile simu ya ukutani ya mama mkwe, iliyokatwa kabla hata sijaolewa. Kasikiliza. Kasema, "Mia nne kumi na mbili. Haya, asante." Kashuka, kaendelea na uji wake. Ana miaka mitatu! Kuhesabu hajavuka sita.

Jumanne, 9 Januari
Nimefuata dawa yake ya kifafa. Bei imepanda. Dola mia nne kumi na mbili! Ileile ya Wylie! Nikamkumbusha Claudette wa dirisha la dawa kwamba jimbo letu lina sheria: kampuni ikipandisha bei lazima iseme wazi, na sababu itoe. Mimi nilidhani ikishasemwa, inashuka. Claudette hajanisamehe kuolewa na Remi. Alicheka mpaka foleni nzima ikageuka. Eti, "Shoga, sheria imewaambia waseme, haijawaambia waone haya!" Nimerudi na dawa ya wiki moja tu.

Jumatano, 10 Januari
Mpango! Kama bei inapitia simu ile, na sisi tutaje yetu. Nimemfundisha Wylie aseme "kumi", nikamwahidi keki. Kasema vizuri, roho yangu! Kisha kasikiliza, kanigeukia. "Mama, anacheka." Nani? "Yule wa bei." Keki hakuitaka.

Alhamisi, 11 Januari
Leo nimeishika mwenyewe. Kimya. Baridi kuliko theluji ya dirishani. Nikasema kwa sauti ya kiofisi: sheria ni sheria, tupeni sababu! Wapi. Nikampa Wylie. Kaitikia, mm, mm. Wanasemaje? "Sababu ni mimi." Nimemkumbatia mpaka kalalamika. Nikaifungua simu ukutani. Nyuma hamna hata waya.

Ijumaa, 12 Januari
Remi kasema itupwe leo leo. Itupwe! Dawa inakwisha Jumanne, na hapa kuna mtu anayetusikia. Si tupatane tu? Claudette atakoma! Nimeirudisha ukutani, nimeipangusa vumbi. Safari hii nitaongea kwa upole, nime...

Inalia!

Mama mkwe kapokea. Ananiita toka jikoni, sauti siyo yake: "Mwanangu, njoo. Kuna mtu anamtaka mama yake Sababu."

Naja, mama! Ngoja nimalize kuandika nisisahau: nitaanzia kumi na tano, akigoma nipande hadi