Maji Ndani

Jumatatu, 3 Machi

Nauza nyumba. Mke wangu katoa kauli ya mwisho: mvua ya kwanza ikitukuta bado huku bondeni, yeye na watoto wanahamia kwa kaka yake mlimani. Moja kwa moja. Yaani niwe naenda kuwaona wanangu kwa shemeji, nabisha hodi kama mgeni! Shemeji mwenyewe kila akija kwetu hukunja suruali getini, hata kiangazi. Makusudi tu.

Tatizo ni alama ya mafuriko ya mwaka jana, mstari wa kahawia sebuleni, usawa wa kiuno. Nimeupaka rangi. Rangi ikaniishia papo hapo kwenye mstari. Sasa chini kunang'aa, juu kumefifia, na asiyeuona kwanza atauona. Nimemwambia mke wangu ndio mtindo wa kisasa. Kaanza kufunga mabegi.

Jumatano, 5 Machi

Nimebandika tangazo getini: "Nyumba inauzwa. Umeme ndani. Maji ndani." Ukweli mtupu, bomba linafika mpaka jikoni. Jirani, ambaye naye anauza, kalisoma akacheka mpaka akashika mbavu. Wivu.

Dalali anasema bei za bondeni zinashuka kila wingu likionekana, na za mlimani zinapaa. Nimepandisha yangu kidogo, watu wajue sina shida.

Ijumaa, 7 Machi

Mteja! Mama wa makamo, kavaa mabuti ya mpira na jua linawaka. Akauliza kuhusu hayo maji ndani. Nikamfungulia bomba. Akasema hakuwa na maana hiyo. Hapo nikamshtukia. Nikaapa kwamba mafuriko sisi tunayasikia redioni tu, hapa hata chura anapita kwa haraka. Akauliza tena. Nikaapa tena. Akashukuru kwa huzuni, akaenda zake.

Huzuni ya nini? Wateja wa siku hizi!

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwisha! Yule mama ni mfugaji wa bata. Anatafuta mahali panapotuama maji. Kanunua kwa jirani, ambaye hakuwa hata na akili ya kudanganya: alimwonyesha alama ukutani, akamsimulia jinsi kochi lilivyoelea. Nikamkimbilia mama njiani. Nikamwambia kwangu maji yanafika kiunoni, vitanda vinatembea vyenyewe.

"Jana uliniapia ni pakavu," akasema. "Sasa nikuamini wewe wa jana au wa leo, baba?"

Nikarudi kukwangua rangi ili nimpigie picha ya mstari. Mstari ukabanduka pamoja na rangi. Ukuta safi kabisa, haujawahi kuwa safi hivyo.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Maji sebuleni. Shemeji kaja kuwachukua, suruali kaikunja, safari hii kwa haki. Binti yangu mdogo, mabegani kwa mjomba wake, kanipungia mkono mpaka wakapinda kona. Nimekaa juu ya meza nikalia. Nawapenda wale watu, basi.

Kisha nikampigia simu mama wa bata, aje ajionee mwenyewe. Kaja na bata wawili wa majaribio. Wakaogelea mpaka chumbani, wakagoma kutoka. Akasema kwa jirani hapamtoshi, hapa patakuwa banda la pili, akataja bei ya kusikitisha. Nikakubali kabla hajafunga mdomo.

Jumapili, 16 Machi

Nimenunua mlimani! Bei ya kutupa, shemeji mwenyewe haamini. Nyuma ya nyumba mlima umekatwa wima, tunapata kivuli bure mchana kutwa. Nyufa za ukutani, dalali anasema, ni nyumba kujinyoosha. Tope la dirishani ni uchafu wa mafundi. Kaapa. Nikamuuliza tena, akaapa tena. Mtu mkweli sana.

Watoto wanakimbia uani. Mke wangu kasimama mlangoni na mabegi yake, bado hajayaweka chini. Kauliza mbona majirani wote wamehama.

Nimemwambia, utulivu huo.