Kasuku wa Shangazi na Sifa Zangu za Usiku

Jumatatu, 9 Juni
Shangazi kasafiri kwa wiki nzima. Akirudi atamkabidhi mtu funguo za duka lake la ushonaji: mimi, au binamu, mtoto wa ami. Binamu anajua kukata suti. Mimi hata kutunga uzi sindanoni ni mtihani. Lakini nani kaachiwa Waziri, kasuku ambaye shangazi anampenda kuliko sisi sote? Mimi! Nitamfundisha kusema, "Mpe Kipara duka." Kipara ndiye mimi.

Jumanne, 10 Juni
Nimerudia maneno hayo mpaka koo limekauka. Waziri kapiga chafya tu. Hila mpya: nimejirekodi kwenye simu, nikaificha chini ya kitambaa cha kufunikia tundu. Itasema usiku kucha. Aliyelala hana ubishi.

Jumatano, 11 Juni
Balaa! Saa nane usiku, vishindo! Nikadhani mwizi, nikaingia kabatini. Kumbe Waziri anajibamiza kwenye nyaya za tundu. Damu! Unyoya wa bawa umevunjika. Nililia, sioni haya kuandika. Nikabana jeraha kwa kitambaa safi mpaka kukacha, simu nayo ikiendelea kuniombea duka. Nani kamtisha? Namshuku paka wa fundi saa, jirani yetu.

Daktari wa mifugo kaung'oa unyoya, damu ikakata. Kasema ndege akishtuka gizani hujigonga ovyo, nimwachie taa ndogo na pawe kimya. Akauliza kama kulikuwa na kelele. Nikasema hapana, ni sauti yangu tu, tena ya upole. Akaniangalia kwa muda mrefu. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 12 Juni
Taa niliwasha. Simu niliipunguza sauti. Saa nane, vurugu zilezile! Jeraha halikufunguka, Mungu mkubwa. Lakini sielewi. Si taa ilikuwapo?

Fundi saa kaapa paka wake alilala naye kitandani. Basi ni binamu! Nikamfuata kwake kumshutumu. Alikuwa akipinda suruali ya mteja. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula. Mtu mwenye hila kama huyu sijamwona.

Jumapili, 15 Juni
Shangazi karudi. Nikaanza kumsimulia, nikimtia paka chumvi kidogo. Sijamaliza sentensi ya kwanza, Waziri kajikunja pembeni, anatetemeka. Shangazi akaniamuru ninyamaze. Nikanyamaza, Waziri akatulia. Akaniambia niseme tena. Nikasema, akatetemeka. Tulifanya hivyo mara tatu. Mimi mchezo ule sikuuelewa, ila shangazi alionekana kuuelewa.

Binamu kapewa funguo. Mimi nimeambiwa nihamishie kitanda stoo, na nikipita sebuleni nisithubutu hata kukohoa. Duka limeniuma, lakini Waziri kaniuma zaidi. Wiki iliyopita alikuwa akila mbegu mkononi mwangu. Leo nimemnyooshea, kanigeuzia mgongo.

Nimewaza jioni nzima, kichwa kinauma. Sasa nimeng'amua: maskini, bado hajaizoea sauti yangu. Fundi saa kakubali kuniazima spika.