Kaseti ya Uchochoroni

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Habari kubwa. Bi Mwanatumu anakuja kwetu Amu, kisiwani Lamu! Alhamisi, kutoka Mombasa, kwa harusi ya mjukuu wa dadake. Nimezipata kwa Jaafar, muuza juisi aliye jirani na duka langu la kofia. Alizitoa kama vile yeye ndiye aliyemzaa.

Mwaka wa themanini na tano nilikuwa na miaka kumi na saba. Redio ilituletea rumba la Wakongo, rege, na wale vijana wa Uingereza waliojipaka wanja kuliko bibi harusi. Niliwapenda wote. Lakini mbele ya Bi Mwanatumu na Kikundi chake cha Asumini, wote hao walikuwa wapiga makopo. Asumini walikuwa wanawake peke yao, wakiimba harusini, ndani ya ua wa wanawake. Sisi wanaume tuliketi uchochoroni, migongo ukutani, tukisikiliza. Sura ya Bi Mwanatumu hatukuiona hata siku moja. Lakini sauti ile! Ilipanda ukuta, ikashuka, ikakukalia kifuani. Mwaka aliofariki mama yangu, sauti hiyo ndiyo iliyonirudishia hamu ya kula.

Ninayo kaseti moja niliyomrekodi mwaka wa themanini na sita, nikiwa uchochoroni. Nataka aisikie. Nataka ajue kwamba tulikuwepo, upande wa pili. Na nimpate peke yangu, kabla Jaafar hajajitia mbele.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango umekamilika. Nimemwambia Jaafar kuwa safari ya Bi Mwanatumu imesogezwa hadi Jumamosi. Ameamini. Amenishukuru, akanimiminia juisi ya ukwaju. Nimeinywa yote.

Kwa hiyo Alhamisi nitampokea peke yangu gatini. Nitamjuaje? Kwa sauti, bila shaka. Hata akipiga chafya nitamjua.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeijaribu kaseti dukani. Inacheza, alhamdulillahi, pamoja na punda aliyelia katikati. Akaingia mama mmoja mtu mzima, sauti yake ya kukwaruza, anatafuta kofia ya mkwewe. Akasimama kusikiliza. Mwishowe akasema mwimbaji huyo aliukosea ubeti wa pili, aliingia mapema.

Damu ilinichemka. Nikamjibu, kwa adabu zote, kwamba Mungu humpa kila mtu masikio kwa kazi yake, na wengine wamepewa ya kuning'inizia vipuli tu. Akacheka mpaka akakohoa, akatoka bila kununua. Watu hawana haya.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku nyeusi. Boti ya kutoka Mokowe, upande wa bara, ilifika saa tano. Akashuka mama wa heshima, amefunika uso, yuko peke yake na mizigo yake. Nikamuuliza kama ametoka Mombasa. Akaitikia kwa kichwa. Amekuja kwa harusi? Akaitikia tena. Hakutoa neno. Nikaelewa: anaitunza sauti. Wasanii wakubwa ndivyo walivyo.

Nikapakia mizigo juu ya punda, nikatangulia, huku nikimmwagia yote ya moyoni. Kwamba nimempenda miaka arubaini. Kwamba bila yeye nisingekuwa mtu. Kwamba mke wangu anajua na hana neno. Kila nikigeuka, anaitikia kwa kichwa, ila anazidi kukaza mwendo.

Akasimama mlangoni pa Jaafar. Jaafar akatoka, akambusu mkono. Mama mkwe wake! Alikwenda Mombasa kung'olewa jino, na mdomo ulikuwa umejaa pamba. Kabla ya alasiri, mtaa wetu wote wa Langoni ulishajua kuwa nimemposa.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilidhani Hafswa, mke wangu, atanuna. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akataka kujua kwa nini sikumuuliza yeye. Wanawake wote wa rika lake wanaijua sura ya Bi Mwanatumu. Hata harusini kwetu aliimba, Hafswa ameketi mbele yake. Miaka thelathini na sita nimeishi na mtu aliyemwona, na sijawahi kumuuliza!

Akanipa na mengine. Bi Mwanatumu hakungoja Alhamisi. Alifika Jumanne, kwa ndege. Miaka miwili iliyopita alipasuliwa koo. Haimbi tena. Na jana aliwasimulia wanawake habari za muuza kofia mmoja aliyemtetea mwimbaji kwa maneno ya vipuli.

Sauti yenyewe ilisimama mbele yangu nami nikaifukuza dukani. Nimeona haya mpaka nikalia, naandika ukweli. Kaseti nimempa Hafswa ampelekee.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo baada ya alasiri ilikuwa karamu ya wanawake. Nikaenda uchochoroni. Jaafar alikuwa ameshaketi, mgongo ukutani. Nikamwungamia uongo wangu wa Jumanne. Akasema mkewe alimweleza ukweli jioni ileile; aliniacha tu kwa kuwa nilionekana nina furaha. Halafu akajisogeza. "Kaa," akasema. "Ndia ni ya wote." Kweli, njia haina mwenyewe; nikaketi.

Ndani wakaiwasha kaseti yangu. Sauti ikapanda ukuta. Ileile! Nilisahau kwamba nina magoti mabovu na duka lisilo na wateja. Punda alipolia, wanawake wakaangua kicheko. Jaafar akafuta macho kwa kikoi chake, nami kwa changu. Hakuna bendi duniani iliyowahi kunifanya hivyo.

Kaseti ikaisha. Kisha, karibu kabisa na ukuta, sauti ya kukwaruza ikauliza kama yule bwana wa vipuli yupo. Nikajibu kwamba nipo. Akasema yeye mwenyewe hakuwa na hata kanda moja ya sauti yake, kwa hiyo hii hairudi. Akasema pia kwamba siku zile zote walijua tuko nje, na ndiyo maana ubeti wa mwisho walikuwa wakiuimba wameuelekea ukuta.

Jaafar ndiye aliyeshukuru kwa niaba yetu.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeamka mtu mpya. Sitamdanganya tena jirani yangu, na kabla ya kila jambo nitauliza wanaojua.

Saa nne Jaafar akaniambia kuwa mpiga gitaa wa bendi moja ya Tanga, tuliyokuwa tukiifuata redioni miaka hiyohiyo, atapita Amu Alhamisi ijayo. Yule fundi! Nimemwambia Jaafar kuwa nilivyosikia mimi ni Ijumaa. Sura yake sijawahi kuiona, lakini nitamjua tu kwa vidole.