Saa Moja ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Nimeiona tiketi ya shemeji juu ya meza ya kulia. Kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa nne. Lakini mume huyu wa dada yangu kila wiki hutuambia kwamba mji anaokwenda kikazi uko mwendo wa saa moja tu kwa ndege. Sasa hiyo saa ya pili anaipeleka kwa nani? Kulala chumba chake cha uani hakujanipofusha.

Jumanne, 5 Machi
Nimepima ramani kwa uzi na rula. Kilomita mia saba. Ndege haihitaji saa mbili kuzimaliza, labda iwe inatembea kwa miguu. Kazini kwangu, kwenye kibanda ninamonyolea watu, nikamwuliza mteja, mwalimu wa jiografia. Akaanza habari za jua kuchomoza upande mmoja kabla ya mwingine. Nikamwomba atulie, wembe uko sikioni. Watu wakikosa jibu husingizia jua.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji kasafiri asubuhi. Nimemweleza dada. Kwa upole, nilianza na neno "mke mwenza". Hakugusa chakula. Mumewe alipopiga simu kusema amefika salama, dada akamjibu, "Umefika kwa nani?" akakata. Roho yangu nyeupe. Ndugu ni wa kufaana.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji alirudi jana usiku, kakuta chumba kimefungwa kwa ndani. Amelala kwenye kochi, miguu nje. Alfajiri kanijia uani, macho mekundu. "Shemeji, Jumatatu tunakwenda wote. Nauli juu yangu." Mwenye hatia hulisha shahidi. Nimekubali, lakini sitalainika.

Jumatatu, 11 Machi
Safari yangu ya kwanza ya ndege. Juisi nimeikataa, huenda ina kitu. Macho kwenye saa yangu ya mkononi mwanzo mwisho. Tumepaa saa mbili, tumetua saa tatu juu ya alama. Ukutani pale uwanjani, saa nne! Shemeji akasema huku jua huwahi, ndiyo maana saa zao ziko mbele. Sikubishana. Nikamwuliza mfagiaji: saa nne. Mwuza magazeti: saa nne. Hata askari. Sikujua mtu huyu ana watu wengi kiasi hiki.

Jumatano, 13 Machi
Tumerudi. Dada kaelezwa, kacheka mpaka machozi, kisha akamwomba mumewe radhi mbele yangu. Akasema amechoka kuishi mbali naye na karibu na maneno. Wanahamia huko mwisho wa mwezi. Mimi nitafute pa kukaa.

Nimejiketia uani peke yangu, nafikiri. Ndege ya kurudi iliondoka saa kumi kwa saa ya ukutani kule, ikatua huku saa kumi. Yaani ile saa imerudishwa nzima, kimyakimya. Mwizi harudishi kitu mpaka ajue anafuatwa.