Penalti Niliyompigia Bibi Yangu Goweko

Jamani, leo nimeadhirika. Tena si kuadhirika kwa uchochoroni. Nimeadhirika uwanjani, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, timu mbili, mwenyekiti wa kijiji na mtu niliyekuwa namtaka anipe kazi. Nawaandikia nyie wenzangu wa Mwanza, Dodoma na Kigoma mapema hivi ili mlisikie kwangu kwanza. Mkilisikia kwa watu wa Tabora, watakuwa wameshalitia chumvi. (Ingawa kusema kweli halihitaji chumvi.)

Mnaijua kazi yangu. Mimi ndiye mwandishi wa michezo wa gazeti letu la kanda, lile la kurasa chache linalochapwa Kanyenye, Tabora mjini. Mwandishi wa michezo, mpiga picha, msahihishaji, na siku mashine ikigoma, msukuma mashine. Kila wiki naandika habari za mpira, na kila wiki lazima nichomeke maneno haya: "Sisi tuliowahi kuuchezea mpira tunajua." Niliuchezea wapi? Shuleni. Namba kumi na moja. Namba kumi na moja wa akiba. (Hilo la akiba halijawahi kuchapwa.)

Wiki iliyopita timu ya kijiji cha ujamaa cha kule Goweko ilikuja mjini, ikafungwa na vijana wa karakana ya reli. Bao lenyewe la kizembe. Mpira uliviringika taratibu, ukampita golikipa wao, kijana anayeitwa Shija, katikati ya miguu. Mimi huyo, kalamu imenoga, nikaandika: "Mpira ule hata bibi yangu mzaa mama angeudaka." Nikacheka peke yangu mezani. Mzee Saidi, mchapaji wetu, naye akacheka. Nikajiona mwandishi kwelikweli.

Nilichosahau ni kwamba bibi yangu mzaa mama anakaa Goweko. Kijiji hicho hicho! Na nilichokuwa sikijui kabisa ni kwamba mwaka huu ameingia darasa la elimu ya watu wazima, na mwalimu wao, vitabu vikichelewa, huwasomesha kwa gazeti letu.

Haya, leo sasa. Mechi ya marudiano, Goweko. Asubuhi nikapanda treni pamoja na vijana wa reli na mgeni mmoja mzito, Ndugu Kibwana, mhariri wa michezo wa gazeti kubwa la Dar es Salaam. Anatafuta mwandishi wa kumpeleka makao makuu. Meza yako, taipureta yako, mechi kubwa zote unakaa mbele. Jamani, nafasi hiyo nimekuwa nikiiota tangu siku ya kwanza niliyoshika kalamu! Na Ndugu Kibwana hakunificha.

"Unachoandika nimekisoma," alisema. "Leo nataka nikuone kazini. Nikiridhika, tunaondoka wote."

Kwa hiyo nilikuwa nimejipamba. Suruali ya bugaluu inayofagia sakafu, shati la maua, na raizoni mpya, vile viatu vya kisigino kirefu vyenye soli nene kama tofali. (Mwenyekiti wetu wa mtaa alishanionya kwamba hivyo si viatu vya mjenga taifa. Nikamwona mshamba.) Ndani ya treni Ndugu Kibwana akanitazama miguuni kwa muda mrefu.

"Unaweza kutembea na hivyo?"

"Ndugu," nikamjibu, "sisi tuliowahi kuuchezea mpira, miguu yetu imezoea kila kitu."

Mdomo huu! Siku moja nitaushona.

Tukafika. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani, ngoma zinalia, vumbi linapanda. Nikatafuta mahali pa kukaa na mgeni wangu, nikatoa kalamu, nikakunja uso kama watu wenye shughuli. Kisha nikatazama upande wa goli la Goweko ili niandike majina. Shija hayumo. Shija amesimama kando, karibu na shamba la tumbaku, jezi amevaa lakini kichwa amekiinamisha. Golini amesimama mama mzee, kanga moja kaifunga kiunoni kwa nguvu, nyingine kichwani, mikono kaitanua.

Nikafikicha macho. Mama mzee akaniona.

"Mwangaluka, mume wangu!" akaniamkia kwa Kinyamwezi, kwa sauti iliyofika stesheni.

Kwetu Unyamwezini, bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu wake mume, humsema anavyotaka, huchukua chake anachokitaka, na mjukuu haruhusiwi kukasirika. Ukinuna, unazidi kuchekwa. Hiyo ndiyo sheria, na bibi yangu anaijua kuliko hakimu wa wilaya.

"Mumewe?" Ndugu Kibwana akaniuliza.

"Ni bibi yangu," nikasema chinichini.

"Mzaa mama? Yule wa gazetini?"

Nilikuwa naiomba ardhi ipasuke inimeze, nayo ikakataa.

Nikaenda kumwamkia, ningefanyaje? "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Miezi yote hii huji kunisalimia, unanisalimia gazetini?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu wa watu wazima akajitokeza, uso unang'aa kwa furaha. "Ndugu Mwandishi, tunakushukuru! Sentensi yako ile ndiyo ya kwanza bibi yako kuisoma mwenyewe, bila kusaidiwa hata herufi!" Na bibi, pale pale golini, akaisoma tena kwa kichwa, polepole, kidole kikifuata hewani: "Mpira. Ule. Hata. Bibi. Yangu. Mzaa. Mama. Angeudaka." Darasa zima likapiga makofi.

(Wangapi kati yenu wamewahi kupigiwa makofi wakatamani kulia?)

Kisha bibi akaacha mzaha kidogo. "Mume wangu, maneno yako yamefika. Watoto wanamwimbia Shija akienda kisimani. Wanamwimbia akienda shambani. Sasa hataki kusimama golini. Nikasema, basi, mimi niliyetajwa nitasimama. Lakini apige aliyeandika."

"Kikao cha kijiji kimeshapitisha," akaongeza mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima, hacheki hata kidogo. "Penalti moja, kabla ya mechi."

Kikao! Wamekaa kikao kwa ajili yangu! Na bila shaka kuna aliyenyoosha mkono kuunga hoja.

Nikajaribu kuchomoka. Nikasema mimi niko kazini, mwandishi haruhusiwi kuingia uwanjani, ni utaratibu wa dunia nzima. Bibi akaniacha niongee, akamgeukia mgeni.

"Na huyu baba mwenye miwani ni mtu wa wapi?"

"Mzaramo, bibi," akajibu Ndugu Kibwana.

"Oooh, mtani! Nani kakufungua kamba mpaka ukafika huku?"

Nikafumba macho. Bosi wangu mtarajiwa! Lakini Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na Ndugu Kibwana alivua miwani, akaifuta, akajibu kama aliyekuwa anasubiri kuulizwa.

"Nimewafuata babu zenu, mama. Walipita kwetu wamebeba pembe za ndovu, wakatumalizia mihogo shambani, mpaka leo hatujasikia ahsante."

Uwanja ulilipuka. Wazee walishikana mabega kwa kucheka. Bibi akapiga makofi, akasema huyu ni mtu. "Basi mtani, mwambie mume wangu apige."

Ndugu Kibwana akavaa miwani. "Piga," akaniambia. "Si nilisema nataka kukuona kazini? Na wewe si uliwahi kuuchezea mpira?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi ya Dar es Salaam imewekwa juu ya ule mpira. Nikakokotoa haraka. Nikipiga shuti kali, nitakuwa mtu aliyempiga bibi yake mpira wa tumbo. Nikikosa, mimi ni mwongo wa kila wiki. Basi nitausukuma taratibu pembeni, uingie kwa adabu, bibi asiumie, na mimi nisiaibike. Ulikuwa mpango mzuri sana. Ungemfaa mtu mwenye viatu vingine.

Mwamuzi akapuliza filimbi. Nikarudi nyuma. Nikaja mbio, kwa madaha, bugaluu inapepea huku na huku. Hatua za kwanza nilipendeza, nadhani. Kisha pindo la mguu wa kushoto likaingia chini ya kisigino cha kulia, nikayumba, nikarusha mguu hivyo hivyo, macho nimefumba.

Nikasikia vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa "chwaaa!" nyuma ya suruali. Cha pili kilikuwa ukimya.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimekaa chini, na mguu mmoja hauna kiatu. Raizoni yangu ilikuwa angani! Inazunguka, inakwenda golini kwa kasi ambayo mpira wangu haujawahi kwenda. Mpira wenyewe ulikuwa unaifuata huko chini, unajiviringisha kama umetumwa dukani na hautaki. Bibi akakitazama kiatu. Akanyanyua mkono mmoja. Akakidaka! Kisha akashusha macho, akausubiri mpira, ukafika mwenyewe, akaukanyaga kwa unyayo.

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijawahi kuvisikia hata harusini. Wachezaji wa reli, watu niliokuja nao, walikuwa wamelala chini. Mimi nilishindwa kusimama kwa sababu ya lile "chwaaa". Ikabidi niombe gazeti kwa mwalimu, nijifunike nyuma. (Ndiyo, gazeti letu. Ukurasa wa michezo. Msiniulize zaidi.)

Bibi akanyoosha kiatu juu wote wakione. "Mume wangu hakusema uongo," akatangaza. "Bibi yake anadaka. Ila alisahau kuandika kwamba yeye mwenyewe hajui kupiga."

Nikamtazama Shija. Alikuwa ameshikilia mche wa tumbaku, anacheka mpaka mche umelala naye. Bibi akamwita aingie golini, akasema yeye amechoka na ana maharage jikoni. Shija akaingia. Hakuna mtoto aliyemwimbia, maana watoto walishapata wimbo mwingine, na unamhusu mwandishi.

Nilimfuata golini nikichechemea, kiatu kimoja, mkono mmoja nyuma umeshika gazeti. Niliona haya kweli, jamani, si ya mzaha. Sikuwahi kufikiria kwamba maneno yangu yanaweza kumfuata mtu hadi kisimani. "Nisamehe, ndugu yangu," nikamwambia.

"Yameisha," akasema. "Lakini usinipigie penalti. Nitacheka nishindwe kudaka."

Mechi ikaisha bila kufungana. Shija alidaka kila kilichomjia. Nikaomba kiatu changu. Bibi akasema alichokidaka ni chake, na kwamba kuna kuku wake amekuwa akitafuta mahali pa kutagia. Sheria ya utani nimeshawaeleza. Nikaondoka na kimoja.

Stesheni nikamwendea Ndugu Kibwana, moyo umeshuka. Nilikuwa na hakika Dar es Salaam imeshaondoka bila mimi.

"Gazeti lenu linachapwa leo jioni?" akaniuliza.

"Ndiyo, ndugu. Huwa nawasomea habari kwa simu ya reli. Mchapaji wetu ananisubiri stesheni ya Tabora."

"Habari ya leo ni nini?"

"Sare ya bila kufungana, kipindi cha kwanza timu zilishambuliana kwa zamu..."

"Habari ya leo ni nini?" akarudia.

Nikaitazama miguu yangu, mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Za wenzako unaziandika kwa ukali mzuri sana," akasema. "Nataka nisikie ukiandika yako kwa ukali huo huo. Sasa hivi. Nikiridhika, maneno yangu ya asubuhi yako pale pale."

Mkuu wa stesheni akanipa simu, dirishani. Nyie hamjawahi kutumia simu ile. Laini inakoroma, usipopiga kelele husikiki. Na jukwaa la stesheni lilikuwa limejaa: timu zote mbili, darasa la watu wazima, abiria, wauza karanga, na bibi yangu, ameketi juu ya gunia, kiatu changu mapajani.

"Mwandishi wa gazeti hili," nikaanza, "leo amepiga penalti mbovu kuliko zote zilizowahi kupigwa katika kanda hii!"

"Sawa!" akajibu Mzee Saidi kutoka Tabora. "Ikadakwa na nani?"

"Na bibi yangu!"

"Sisikii!"

"BIBI YANGU!"

"Nani?"

"BIBI YAKE!" jukwaa zima likamsaidia kwa sauti moja.

Laini ikakoroma. Kisha: "Mzaa mama?"

Nikataja yote. Pindo, kisigino, "chwaaa", kiatu. Sikuruka kitu, hata lile la namba kumi na moja wa akiba nikalisema. Mzee Saidi alinikatisha mara kadhaa ili apumzike kucheka. Nilipomaliza, bibi akanivuta shati. "Ongeza kwamba nilikidaka kwa mkono mmoja." Nikaongeza.

Ndugu Kibwana akanipa mkono. "Jumatatu tunaondoka," akasema.

Nilitaka kuruka, nikakumbuka suruali. Bibi akauliza kama lile gazeti la Dar es Salaam hufika Goweko. Ndugu Kibwana akamwambia atahakikisha analetewa kila wiki. Bibi akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Vizuri," akasema. "Nitakuwa nasoma kila neno, mume wangu."

Basi ndugu zangu, kazi nimeipata. Nawaombeni msicheke, na mkiona mwandishi mpya wa Dar es Salaam anamsifia kila golikipa hata aliyefungwa matano, msiulize kwa nini.