Cherehani ya Mama wa Mtu Mwingine

Jumatatu, 4 Mei

Nimeingia kituoni saa nne asubuhi. Kwa hiari yangu. Dada alinishika mkono kuanzia nyumbani hadi mapokezi, lakini hayo ni mapenzi tu. Siku tisini bila tone! Nesi akaniuliza nakunywa kiasi gani. Nikamwambia, kiasi. Akauliza hicho kiasi ni kiasi gani. Dada akanijibia, tena kwa urefu usio wa lazima, mpaka nesi akaenda kuchukua karatasi ya pili.

Wamechukua manukato yangu, dawa ya kikohozi na maji ya kusukutua. Nitatoka hapa mzima, nanuka na nakohoa.

Ieleweke: mimi si mlevi. Mimi ni mwalimu wa udereva, miaka kumi na tisa kazini. Nimekuja kwa sababu binti yangu anaishi kwa Dada tangu mwaka jana, na Dada kasema nisipomaliza hapa, mtoto nitamwona kwenye picha. Mtoto ana miaka kumi na mitatu. Sawa. Ila mtu mwerevu anaweza kumaliza siku tisini kwa wiki mbili.

Jumanne, 5 Mei

Sijalala. Jasho. Mikono inacheza. Nesi anasema ni mwili unaulizia pombe. Mimi nasema ni godoro.

Mchana tukakaa wanaume kumi na wawili, viti vimepangwa duara. Kila mtu anaeleza alivyoharibu maisha yake. Zamu yangu ilipofika nikaeleza kanuni za kupishana kwenye mzunguko wa barabara. Mshauri, mama mpole mwenye miwani ya kufungwa kwa kamba, akasema asante, tutakusubiri. Watasubiri sana.

Ninalala chumba kimoja na mtu wanayemwita Fundi Saa. Ana siku hamsini na nane hajaonja. Shuka la kitanda chake amelikunja pembe kama bahasha. Mikono yake imetulia kabisa. Simpendi.

Habari kubwa: Ijumaa Fundi Saa atatoa ushuhuda wake, na akishautoa ataruhusiwa kwenda nyumbani siku mbili. Ruhusa! Kwa kusema tu! Kusema ndiyo kazi yangu.

Jumatano, 6 Mei

Nimeshinda na kalamu nikitafuta dhambi ya kunitoa. Nimepata mbili. Moja, niliwahi kuegesha mbele ya lango la zimamoto. Mbili, humwambia Dada kuwa mapishi yake matamu. Hazimlizi mtu.

Jioni nikapiga mswaki karibu na mlango wa bafu (kwa bahati tu). Ndani Fundi Saa alikuwa akijizoeza ushuhuda wake mbele ya kioo. Aliuza cherehani ya mama yake, pesa akazinywea pombe, mama akiwa amelazwa hospitali. Mama aliporudi hakumgombeza. Aliketi tu pale mezani patupu, akawa anakanyaga sakafu kwa miguu, taratibu, kama bado anashona.

Chozi lilinitoka na mswaki mdomoni. Hadithi nzuri hivyo, na mwenyewe anaisimulia kama anasoma saa ya ukutani! Ni dhuluma.

Ijumaa, 8 Mei

Nilinyoosha mkono kabla Mshauri hajakaa vizuri.

Nikaimwaga yote. Cherehani, hospitali, meza tupu, miguu ya mama. Nikaongeza na paka, aliyekuwa akilala juu ya cherehani na sasa hana pa kulala. Duara zima likalia! Mpishi akatoka jikoni na mwiko wake, akasimama mlangoni akijifuta kwa aproni. Mshauri akavua miwani.

Fundi Saa hakulia. Alinitazama mimi, kisha akatazama viatu vyake. Zamu yake ilipofika akasema leo hana la kusema. Ruhusa yake imeahirishwa. Imenigusa kidogo. Si sana.

Pigo dogo: Mshauri ameguswa kiasi kwamba ameita familia yangu Jumapili ili nirudie maneno hayo mbele yao. Familia! Nikajikausha, nikasema vizuri sana.

Jumamosi, 9 Mei

Fundi Saa hasemi nami. Ilipofika saa kumi tu ndipo alipofungua mdomo, akaniuliza paka alitoka wapi. Nikasema paka ni wangu mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupiga pasi shati.

Nimejaribu kuugua ili wageni wazuiwe. Nesi kanipima. Tangu nifike, anasema, sijawahi kuwa mzima hivi.

Jumapili, 10 Mei

Aibu. Aibu ya kuchimba shimo ujifukie!

Dada alikuja na binti yangu. Mshauri akaanza kwa kumpa Dada pole ya ile cherehani. Dada akauliza cherehani gani. Mama yetu, akasema, alikuwa karani wa posta, na kifungo kikimtoka alipeleka nguo kwa jirani. Mshauri akauliza, kwa sauti ndogo, habari ya paka. Dada akasema mama akikaribiana na paka alivimba macho.

Nikaanza kueleza kwamba kila cherehani ina maana pana. Binti yangu akanikatiza.

“Baba, mbona husemi la breki?”

Nikamuuliza breki zipi.

“Siku ile ulipokuja kunichukua shuleni na gari la kufundishia. Nilikaa upande wa mwalimu, kwenye ile breki ya pili. Nilikanyaga mara kumi na moja mpaka tukafika. Wewe ulikuwa unaimba.”

“Kila likisita ulisema gari bovu,” akaongeza.

Ni kweli. Nilisema gari bovu. Kesho yake nikalipeleka kwa fundi wa magari. Fundi akasema breki ni nzima kabisa, nami nikamwita tapeli mbele ya wateja wake.

Akasema tangu siku ile anakwenda shule kwa miguu, na mimi nilidhani anapenda mazoezi. Halafu akanipa chungwa alilokuja nalo, wakaondoka. Sijalimenya. Nimekaa nalo kitandani muda mrefu, nalitazama.

Jumatatu, 11 Mei

Mshauri, aliyekwisha kujua cherehani ni ya nani, kanipa njia mbili: niondoke leo, au nianze upya kuanzia siku ya kwanza na niseme langu, si la mwenzangu. Dada, kwenye simu, kasema nikiondoka nisigonge kwake.

Nimeambiwa kuna mtu aliomba nisifukuzwe. Fundi Saa! Nikamfuata kumwomba radhi. Nikasema neno samahani, zima, bila maelezo. Akasema haya, na nikunje pembe za shuka.

Jumatano, 13 Mei

Nimesema.

Nilisimulia breki. Moja hadi kumi na moja. Mikono ilicheza, na safari hii si kwa godoro. Hakuna aliyelia kwa kelele. Mzee mmoja tu alivuta kiti chake karibu na changu. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyeshushwa gunia mgongoni. Nikajua: sasa nimebadilika.

Kisha Fundi Saa akasimama na cherehani yake. Bila paka, bila kupandisha sauti, kama anasoma saa ya ukutani. Duara likalia upya! Hadithi ileile, wameisikia Ijumaa, na wakalia kuliko walivyonililia mimi! Mpishi alilazimika kukaa chini. Fundi Saa anakwenda nyumbani kesho kwa siku mbili.

Nimelitafakari sana. Kosa liko kwenye idadi. Breki kumi na moja ni chache, hazimshtui mtu. Jumamosi wanakuja wageni wa kituo kingine kusikiliza shuhuda, na binti yangu hatakuwepo. Nitasema ishirini na tano. Na lori mbele yetu, lililobeba vioo.

Naandika hapa nisije nikasahau: ilikuwa inanyesha.