Nukta za Kijani kwenye Nusu Dola

Jumamosi, 3 Agosti

Mabunda kumi ya nusu dola. Kila bunda sarafu ishirini, zimeviringishwa kwa karatasi ya benki. Tumezisoma zote mia mbili. Hakuna kitu.

Corinne, binti yangu, amepiga miayo mara kumi na moja. Nilihesabu. Alipokuwa na miaka tisa alipata sarafu ya mwaka 1964, yenye madini ya fedha halisi, si shaba kama za siku hizi, akaruka mpaka akaangusha taa ya mezani. Sasa ana miaka kumi na miwili na haruki tena.

Marlys, mama yake, alipokuja kumchukua alinieleza mlangoni kwamba kuanzia Septemba msichana atachagua mwenyewe: Jumamosi aje kwangu, kama ilivyokuwa tangu tuachane, au ajiunge na klabu ya kuogelea. Alisema kwa upole. Upole wa Marlys ni hukumu iliyokwisha kuandikwa.

Nimebakiwa na Jumamosi nne. Nahitaji sarafu moja tu ya fedha. Moja!

Jumatatu, 5 Agosti

Kila mtafuta sarafu katika Ohio anajua sheria hii: usirudishe sarafu ulizokwisha kuzipekua kwenye benki unayonunulia, la sivyo utakuja kuzinunua tena. Benki nyingine iko Galion, maili kumi na mbili. Petroli! Nimelitatua tatizo kwa akili. Kila sarafu niliyoisoma nimeitia nukta ya kijani kwa kalamu ya wino usiofutika. Nikikutana nayo tena nitaitambua papo hapo.

Nimezirudisha zote kwa Bi Nadine, karani wa dirisha la pili. Aliziangalia kwa muda mrefu. Nyuma yangu alisimama Mzee Stuckey, mpeleka barua mstaafu, ambaye kila Ijumaa hununua nusu dola zote kabla yangu. Mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

Ijumaa, 9 Agosti

Nilifika mlangoni saa moja na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya benki kufunguliwa. Stuckey alifika baadaye, akanipisha kwa adabu kubwa, hata akanifungulia mlango. Nilijiona mshindi. Nilinunua mabunda yote kumi yaliyokuwepo.

Nikafungua la kwanza ndani ya gari. Nukta za kijani. La pili, kijani. Yote kumi, kijani! Nimefanikiwa kuzitambua papo hapo.

Stuckey aliinama dirishani pangu. “Delbert, ndugu yangu,” akasema, “naona sarafu zako zimepata tetekuwanga. Mwone daktari.”

Niliwasha gari. Nilikwenda moja kwa moja kwa muuza sarafu za kale, nikanunua nusu dola ya mwaka 1943, fedha halisi, kwa dola ishirini na moja. Nimeiweka katikati ya bunda la kumi, badala ya sarafu moja ya kawaida. Furaha haina budi kuja mwishoni, baada ya kazi. Ndivyo nilivyolelewa.

Lakini msichana angeziona nukta na kujua kuwa ni sarafu za wiki iliyopita. Nimezifuta zote kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, kisha nikazifunga upya kwa karatasi. Chupa tatu. Muuza duka aliniuliza kama ni zawadi ya mke wangu. Vidole vyangu vyote ni vya kijani.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimejiangamiza mwenyewe.

Tulianza saa nane mchana. Corinne aliuliza kwa nini nyumba inanuka kama saluni. Nikamwambia afungue bunda la kwanza. Akazipanga sarafu kwa kusimama, akatazama kingo zake, akasema hakuna fedha humo. Sarafu ya fedha haina mstari wa shaba ukingoni, kwa nini tusitazame kingo tu? Dakika tano tungekuwa tumemaliza yote.

Ni kweli kabisa. Nami nilijibu kwamba kazi hufanywa kwa utaratibu: mwaka usomwe kwa sauti, uandikwe daftarini, kisha sarafu igeuzwe. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kinywa kilijisemea chenyewe. Tulisoma. Elfu moja mia tisa sabini na moja. Elfu moja mia tisa sabini na sita. Elfu moja mia tisa sabini na moja. Tulipofika bunda la nane, Marlys akapiga honi.

Nilimwomba dakika kumi. Alisema amekwisha kunipa miaka kumi na minne.

Ndipo nikapata wazo. Nilimpa Corinne bunda la kumi aondoke nalo. Nikamwambia ni lake, alifungue nyumbani, asome polepole. Alilitia mfukoni akasema, sawa, Baba.

Leo atanipigia simu!

Jumapili, 11 Agosti

Hakupiga. Nilipiga mimi. Marlys alisema Corinne yuko bwawani. Niliuliza kama kuna habari yoyote. Akauliza habari gani. Nikasema yoyote tu. Akauliza kama nimekula.

Jumatatu, 12 Agosti

Corinne amepiga. Alizungumza haraka, kama mtu anayevuka barabara. Klabu inafunga orodha ya majina leo. Hakutaka kungoja Septemba. Kianzio ni dola kumi. Hakupenda kumsumbua mama yake, na bunda langu lilikuwa dola kumi kamili, kwa hiyo alilitoa kama lilivyokuwa. Hakulifungua.

Nilisema kitu kuhusu utaratibu. Akasema, “Baba, ulisema ni langu.”

Ni kweli, nilisema.

“Wanachama wapya wanashindana Jumamosi saa nne asubuhi,” akasema tena. “Njoo uniangalie. Wewe tu, bila daftari.”

Nikamwahidi. Nilipokata simu nilikaa jikoni mpaka chai ikapoa. Nimelipia mwenyewe kuachwa kwangu, tena kwa dola thelathini na nusu, ukihesabu bei ya ile sarafu. Dawa ya kucha sijaihesabu.

Alhamisi, 15 Agosti

Nilikwenda benki, bila sababu. Stuckey alikuwa dirishani akimwonyesha Bi Nadine nusu dola ya mwaka 1943. Eti imetoka kwenye bunda lililoletwa na klabu ya kuogelea, lililofungwa na mtu asiyejua kufunga karatasi. Akaninusisha. Aliuliza kama nimewahi kukutana na fedha inayonuka rangi ya kucha.

Nikampongeza. Mikono niliiweka mfukoni.

Jumamosi, 17 Agosti

Nilifika bwawani saa tatu na nusu. Shati safi. Bila daftari. Corinne aliniona kutoka upande wa pili, akainua mkono. Kwa muda wa dakika nzima nilikuwa baba kama baba wengine.

Kisha nikaenda kununua kahawa. Mama anayeuza soseji huweka chenji kwenye kopo la biskuti. Robo dola na sarafu za senti kumi, mamia! Alisema kopo hilo halijamwagwa tangu klabu ianzishwe. Nilimwuliza kama naweza kutazama kidogo tu. Akasema, bwana, ukinihesabia utanisaidia. Akanipa kiti.

Nilianza kutoka chini, penye sarafu za zamani zaidi. Miaka niliiandika kwenye karatasi za kupangusia mikono. Nyuma yangu watu walipiga kelele, wakanyamaza, wakapiga kelele tena.

Nilipoinua kichwa, Corinne alikuwa amesimama mbele yangu na taulo, nywele zinadondosha maji juu ya hesabu zangu.

“Nimekuwa wa pili,” akasema. “Uliniona?”

Nilimwambia nilisikia.

Alizitazama zile karatasi. Alikuwa na uso wa mama yake, ule wa upole. Akasema sawa, akaenda kukaa na wenzake.

Hakukuwa na fedha kwenye kopo. Hata moja.

Jumapili, 18 Agosti

Sikulala vizuri. Nimelitafakari kosa langu kwa uaminifu, bila kujihurumia, na nimeliona. Kiti kilikuwa kimeelekea upande usiofaa. Laiti ningekigeuza, ningeliona bwawa na kopo kwa pamoja.

Jumamosi ijayo wanaogelea Mansfield. Nimempigia simu mama wa soseji. Huko, anasema, wana makopo mawili.